Kahawa ya Wajdi

Makthar, Jumatatu, 24 Aprili 2023

Kwa Nesi Sondes, kliniki ya vijana, Sousse

Binti yangu, usishtuke kuona barua. Mwandiko ni wangu mwenyewe, sikumwomba mtu. Nimejifunza kuandika nina miaka hamsini na mbili, kwenye darasa la akina mama, na mwalimu anasema herufi zangu zimelala chali lakini zinasomeka. Ningekupigia simu, ila simu yangu anayeijua ni Wajdi, yeye ndiye huifungua na kuipekua. Na nyumba yetu hii ukipiga chafya chumbani, wa jikoni wanakuombea rehema. Kwa hiyo barua nimempa Bwana Mokhtar, dereva wa gari la Sousse, nikamwambia ni cheti cha maabara. Watu wanaogopa kufungua vyeti vya maabara.

Nina maswali. Wajdi aliporudi kutoka kwenu wiki iliyopita, kabla ya Idi, aliniambia, "Mama, mwezi wa sita namaliza." Nikamwuliza, unamaliza nini? "Mpango. Miaka miwili imetimia, wananiaga." Akasema hivyo huku anatafuna, kama mtu anayesema mvua imekatika. Mimi kijiko kikaniponyoka.

Kumaliza maana yake nini? Kama amesimama kwa sababu mmemshika mkono, mkono mnauachia kwa nini? Na hiyo miaka miwili nani aliipima? Ugonjwa wenyewe umepewa hiyo tarehe?

Halafu kuna la pili. Amepata nafasi El Jem, kwenye karakana ya watu wanaotengeneza zile picha za kale za sakafuni, za vijiwe vya rangi. Watamjaribu kwanza, akifaa watamwajiri. Atapanga chumba huko. Peke yake, binti yangu. Mimi nimemwona mtoto huyu amesimama sokoni mwezi wa pili, mwaka juzi, hana viatu, anaongea na paa la benki. Wewe ulimkuta amekwisha kuvaa viatu.

Wifi yangu Zina ananiambia, "Mwache aende, Mbarka. Wewe ungekuwa na njia ungemrudisha tumboni." Nikamwambia, "Wanao wako Italia na hata salamu hawatumi, kwa hiyo nyamaza." Tumenuniana mpaka adhuhuri, kisha akaja kuazima chumvi.

Swali la mwisho si langu. Kuna jirani yangu ana mtoto mgonjwa kama alivyokuwa Wajdi. Anataka kujua: mtu akinywa dawa bila kujua kwamba anakunywa dawa, inafanya kazi? Au mpaka aikubali moyoni? Nimemwambia nitamwulizia.

Nimekuwekea bsissa, unga wa nafaka niliyoikaanga na kuisaga mwenyewe. Uchanganye na mafuta ya zeituni, usiichanganye na maji kama watu wa mjini.

Mama yake Wajdi,
Mbarka

*

Sousse, 3 Mei 2023

Mama Mbarka mpendwa,

Cheti cha maabara kimefika salama, na bsissa pia. Nimeila na mafuta ya zeituni, na wenzangu wameniona.

Umeniuliza nani aliipima miaka miwili. Swali hilo na sisi tunaulizana. Jibu la kweli ni kwamba miaka ya mwanzo ya ugonjwa huu ni kama chokaa mbichi: ukiishika vizuri mapema, inakauka ikiwa imenyooka. Baadaye mkono wetu unamsaidia kijana kidogo kidogo tu, na wakati mwingine unamzuia. Tena kuna kijana mwingine nje ya mlango, ambaye amesikia sauti ya kwanza jana, na kiti ni kilekile.

Lakini hatumwachi njiani. El Jem kuna zahanati, na ina daktari anayejua kazi hii. Mara tatu tutaketi pamoja: mimi, Wajdi na daktari huyo, mpaka Wajdi amzoee. Nitakuwa mwongo nikisema hakuna wanaopotea hapo katikati. Wapo. Ndiyo maana hatuagani kwa siku moja.

Sasa zamu yangu kuuliza, maana mimi nami ni mtu wa maswali. Vidole vya Wajdi vinatetemeka. Anasema asubuhi mpaka saa sita anatembea kama mtu anayevuka tope. Tumempunguzia dawa mara mbili, sasa anakunywa nusu kidonge, na tope halijapungua. Mimi na daktari tumekuna vichwa. Nusu kidonge hakifanyi haya. Je, kuna mitishamba anayokunywa nyumbani? Chai ya aina fulani? Kitu chochote, hata unachokiona kidogo. Kazi anayoiendea ni ya vidole, Mama Mbarka. Kijiwe kimoja ni kama ukucha wa mtoto.

Kuhusu jirani yako: dawa haihitaji ruhusa ya moyo, inafanya kazi. Hatari iko hapohapo. Daktari huongeza au hupunguza kwa kile anachokijua, na asichokijua kinamharibia hesabu yote. Na mwili ni wa yule kijana. Mwambie jirani aje. Hapa hatumfokei mtu.

Wako,
Sondes Mathlouthi

*

Makthar, 9 Mei 2023

Binti yangu Sondes,

Mitishamba hakuna. Kutetemeka ni kwa kurithi, babu yake alikuwa hawezi kushika kikombe kilichojaa.

Anaondoka Jumapili.

Yule jirani amehama.

Mbarka

*

El Jem, 28 Mei 2023

Mama, ini langu,

Ulisema nisipige simu, niandike, ili umwonyeshe mwalimu wako. Haya, mwonyeshe, lakini usimwonyeshe hii sehemu ya kwanza: chumba changu kina mende mmoja mkubwa, nimempa jina la Zina. Usimwambie Shangazi.

Karakana iko nyuma ya jengo la makumbusho. Tuko watano na fundi mkuu, Lella Souad, mama wa miaka sitini mwenye miwani miwili, mmoja puani, mwingine kichwani, na yote miwili anaitafuta. Siku ya kwanza alinipa koleo na kipande cha marumaru, akasema kata vijiwe kumi vinavyofanana. Nilikata kumi, vyote ndugu wa kambo. Akanitazama mikono. "Wewe mtoto, unanitingishia meza! Umetoka Makthar au umetoka ndani ya mashine ya kufulia?" Wote wakacheka. Mimi nami nikacheka, lakini nilikwenda kusimama chooni kidogo.

Sasa sikiliza ajabu. Wiki ya pili mikono ilianza kutulia. Yenyewe! Jana nilikata vijiwe arobaini, Lella Souad akavimwaga kiganjani, akavigeuzageuza, hakusema kitu. Kwake hiyo ni medali. Na asubuhi, Mama, asubuhi nimeamka na kichwa kiko wazi kama dirisha. Nilisahau kwamba asubuhi iko hivyo. Najiuliza ni nini. Hewa? Kazi? Siku mbili za kwanza sikulala vizuri, nikaandika kwenye daftari kama Nesi Sondes alivyonifunza, kisha usingizi ukarudi. Nusu kidonge nakunywa kila siku baada ya chakula cha jioni, usiwe na wasiwasi.

Kitu kimoja tu kinanikosesha raha. Kahawa ya hapa ni maji ya kuoshea sufuria. Haina maji ya maua ya mchungwa, haina mkono wako. Nitumie chupa ya hayo maji ya maua, ile zahri unayoletewa kutoka Nabeul. Nimekunywa kahawa yako yenye zahri kila asubuhi miaka miwili, ulimi hautaki nyingine.

Mwanao,
Wajdi

*

Makthar, 2 Juni 2023

Wajdi, ini la mama,

Mwalimu ameisoma, ameisahihisha na kuipa kumi na nne juu ya ishirini. Nimemwambia si yangu ni yako, amesema basi upewe kumi na mbili.

Zahri hiyo hapo, chupa nzima, nimeifunga kwa kitambaa ili Bwana Mokhtar asiivunje. Kijiko kimoja kila asubuhi kwenye kahawa yako. Usipunguze na usizidishe. Usiruke siku. Na ni yako wewe, usigawe, zahri ya mwaka huu ni chache.

Kama mikono imetulia, Mungu ashukuriwe. Lakini usifurahi haraka. Hizo siku mbili hukulala, kweli zilikuwa mbili? Unasikia chochote? Paa la jirani unalitazama sana? Niandikie ukweli.

Kula. Funga dirisha.

Mama yako

*

El Jem, 11 Juni 2023

Mama,

Chupa yako imeniletea cheo. Najua ulisema nisigawe, lakini wewe ulitaka nikae na watu watano, ninuke maua peke yangu? Ningeonekana mtu wa namna gani? Nimeiweka kwenye rafu ya chai. Lella Souad ndiye mlevi wake, anatia vijiko viwili, anafumba macho, anasema, "Huyo mama yako asingekuwa wa Makthar ningesema ni wa peponi."

Yeye kachoka siku hizi. Alhamisi alilala mezani saa nne asubuhi, shavu limelalia ndevu za mungu wa bahari kwenye picha, yule tuliyekuwa tunamjaza jicho. Tulimwamsha, vijiwe vitatu vimeganda shavuni. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini leo shingo yake imekwenda upande na haitaki kurudi, anasema ni upepo wa mlangoni. Mwenzangu Tarek naye anasinzia. Na mimi, Mama, mikono imeanza tena. Tope pia limerudi.

Sielewi, na nataka kuelewa. Nimekaa na daftari: nini kimebadilika? Chakula kilekile, chumba kilekile, kidonge kilekile. Nimeshuku vumbi la marumaru, nimeshuku maji ya bomba. Kitu kipya ni chupa yako tu, lakini hiyo ni maua.

Kipindi cha majaribio kinaisha wiki ijayo. Niombee.

Wajdi

*

Sousse, 16 Juni 2023

Mama Mbarka,

Nimemwuliza Wajdi kama naweza kukuandikia. Amesema, "Andika wewe. Mimi sina maneno."

Jumanne ulimpigia simu karakanani, ukasema, "Mwaga chupa yote, mwaga sasa hivi," ukakata. Hakumwaga. Unamjua mwanao, ukimwambia mwaga lazima ajue anamwaga nini. Juzi amekuja kwangu bila miadi, ameifunga chupa kwa kitambaa chako. Ameiweka mezani, akasema, "Nesi, nusa. Unasikia nini?" Nimesikia maua, basi. Akasema, "Hata mimi. Miaka miwili, nimesikia maua tu." Ndipo nikaelewa kwamba yeye ameshaelewa, na mimi nikamkumbuka jirani aliyehama.

Nianze na Lella Souad, najua hulali kwa ajili yake. Daktari wa zahanati alimchoma sindano, na kabla ya jioni shingo ilikuwa imenyooka. Ana shinikizo la damu, Mama Mbarka. Ingeweza kuwa mbaya zaidi, na sitakuficha hilo. Wengine wako salama.

Sasa naomba unieleze: tangu lini, matone mangapi, umeyapata wapi, uliongeza lini, ulipunguza lini. Siulizi ili nikuhukumu. Nina akina mama wengi wanaofanya haya kuliko unavyofikiri, kwenye mchuzi, kwenye maziwa, kwenye juisi, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nauliza kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa namsoma kijana ambaye nusu yake imeandikwa jikoni kwako. Tulisema nusu kidonge kinamtosha. Lakini hicho nusu kidonge hakijawahi kufanya kazi peke yake hata siku moja, ila zile wiki tatu za mwanzo El Jem. Huenda kinatosha. Huenda hakitoshi. Hakuna anayejua.

Kwa hiyo kuagana kumesogezwa mpaka mwisho wa Septemba. Tutamwona kila wiki.

Mimi niandikie hesabu ya matone. Yaliyobaki mwandikie yeye, si mimi.

Sondes

*

Makthar, 20 Juni 2023

Wajdi,

Hii hajaisoma mwalimu.

Nilianza Aprili ya mwaka ule, uliporudi kutoka wodini. Ulikuwa unavitema vidonge kwenye karo la uani. Niliviona vimeyeyuka vyeupe kwenye majani. Daktari wa kwanza kabisa, kabla ya Nesi Sondes, alikuwa ameandika dawa ya matone. Haina rangi, haina harufu. Mtu wa duka la dawa ananijua tangu nasuka nywele, akawa ananipa tu, cheti kilekile kimechakaa mpaka kimekuwa kitambaa. Matone matano kwenye kahawa. Zahri ilinisaidia, maana kila mtu hutia matone kwenye kahawa, hakuna anayetazama mkono wa mama.

Ukapata nafuu. Ukaenda kliniki, ukaanza kuvinywa vidonge vyao kwa hiari yako. Hapo ningeacha. Sikuacha. Nilijiambia nitaacha baada ya mavuno ya zeituni, kisha baada ya Ramadhani. Ulipofunga nilikutilia baada ya kufuturu. Walipopunguza wao, nikaogopa, nikaongeza mimi, yakawa manane. Nilikuona unatetemeka. Nilikuona unaburuta miguu asubuhi. Nilisema afadhali atetemeke kuliko aende sokoni bila viatu.

Uliponiomba zahri nilikaa na chupa mbili mbele yangu tangu alasiri mpaka maghrib. Ningeweza kukutumia maua matupu. Nikamimina dawa yote iliyobaki.

Sikujua watakunywa na wengine. Lakini ningekosaje kujua, na mimi ndiye niliyekulea hujui kula peke yako?

Mwombe radhi Lella Souad kwa ajili yangu. Ukipenda nitakuja niombe mwenyewe, nimpigie magoti.

Zina nimemweleza. Nilidhani atanisuta. Akasema, "Mbarka, ulimpa dawa yeye au ulijipa wewe?"

Nesi Sondes nimempa hesabu yote, na chupa tupu nimempa Bwana Mokhtar ampelekee.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nimeandika ili ujue ulichokunywa.

Mama

*

El Jem, 30 Julai 2023

Mama,

Nimeandika barua nne, nimezichana zote. Hii nayo niliiacha chini ya sahani siku sita.

Lella Souad hajanifukuza. Niliposimama mbele yake kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo mwanamke nileteeni hapa achanganye chokaa, maana anajua vipimo." Tarek amebadilisha jina langu, ananiita Kahawa. Kipindi cha majaribio wameniongezea miezi mitatu. Mikono imetulia tena.

Nesi Sondes ananiona kila Jumatano. Mwezi wa sita kulikuwa na siku tatu sikulala, na nilisikia jina langu likiitwa ndani ya sauti ya mashine ya kukatia mawe. Nilimweleza siku ileile. Haikurudi. Kidonge bado ni nusu.

Sasa nikwambie kinachoniuma, maana unafikiri ni miezi mitatu niliyocheleweshwa. Hiyo inauma, lakini si hiyo. Mimi nilikuwa najivunia, Mama. Kila walipopunguza na nikabaki nimesimama, nilirudi nyumbani nikijiambia: hii ni mimi na kile kidonge kidogo. Nilikuwa nikikutazama unaponimiminia kahawa na kujiambia, mama anaona, mama anafurahi. Kumbe ulikuwa unajua kitu nisichokijua mimi kuhusu ushindi wangu mwenyewe. Sasa nikikumbuka miaka ile miwili sijui ni nani aliyekuwa anaishi ndani yake.

Watu wa mtaani walisema nimeingiwa na jini. Wewe ulikuwa unawafukuza kwa fagio. Nani angekufukuza wewe?

Usinijibu. Nikiwa tayari nitaandika.

Wajdi

*

El Jem, 14 Septemba 2023

Mama,

Hujajibu. Shangazi Zina kaniambia kwenye simu kwamba umeandika barua saba na zote umezitia kwenye debe la unga. Ahsante kwa kutozituma. Nasema kweli.

Baada ya wiki mbili, tarehe ishirini na saba, ni kikao cha mwisho. Nesi Sondes, daktari wa hapa na mimi. Miezi mitatu sasa, nusu kidonge peke yake, na mimi peke yangu, na niko sawa. Sasa najua. Nilitaka uwe miongoni mwa wa kwanza kulisikia hilo, nimeshangaa mwenyewe kwamba nilitaka.

Sasa nina haja na wewe. Kabla hawajatuaga tunaandika karatasi moja, kwa mkono wetu, anakabidhiwa daktari mpya. Inasema: ugonjwa ukitaka kurudi, unaanzaje? Nini kinasaidia? Nani aambiwe? Nimejaza yote isipokuwa mstari wa juu kabisa, dalili ya kwanza. Sikumbuki. Nimekaa na Nesi Sondes vikao viwili, tunatafuta kama watu waliopoteza sindano. Faili langu linaanza na siku ya sokoni. Wodini waliandika "aliletwa bila viatu", basi, kana kwamba nilizaliwa hapo. Lakini Nesi anasema sokoni ni mwisho wa njia, si mwanzo. Kulikuwa na wiki, pengine miezi, kabla yake. Na huko kabla hakukuwa na daktari wala nesi. Ulikuwepo wewe tu.

Nini ulikiona kwanza? Sitaki ulichoogopa wala alichosema Zina. Nataka kitu chenyewe, kilivyokuwa, siku gani, nilifanya nini, nilisema nini. Usinipunguzie. Hata kama ni aibu yangu.

Wajdi

*

Makthar, 18 Septemba 2023

Wajdi,

Bwana Mokhtar anaondoka saa nane, na nimemwambia safari hii si cheti cha maabara. Nimemwambia ni barua ya mwanangu.

Nakumbuka. Sijawahi kusahau hata siku moja, ila hakuna aliyeniuliza. Wodini waliniuliza umri wako na kama kuna mgonjwa kwenye ukoo.

Ilikuwa Novemba, tuko kwenye kuvuna zeituni. Ulikuwa bado unakwenda chuo, bado unacheka na watu. Tulirudi kutoka shambani tumechoka, nikapakua lablabi, ile supu yetu ya dengu, nikavunjia mkate juu, nikakutilia yai. Wewe ukainama, ukainusa. Nikasema moyoni, mtoto ana njaa. Kesho yake ukanusa mkate, pande zote mbili, polepole. Nikakwambia, "Kwani wewe paka?" Ukatabasamu lakini hukula. Siku ya tatu niligeuka kuchukua chumvi, na nilipogeuka tena bakuli lako lilikuwa mbele yangu na langu mbele yako. Ulidhani sikuona. Niliona, nikala, nikanyamaza.

Siku ya nne ukaniuliza. Ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni, mkono kwenye mwimo, na uso wako ulikuwa wa kawaida kabisa, hilo ndilo lililonidanganya. Ulisema, "Mama, kuna mtu anatia kitu kwenye chakula changu?"

Nikacheka, mwanangu. Nilicheka kwa sauti. Kisha nikaona hucheki, nikaweka kiganja juu ya mkate nikaapa. Nilisema, "Katika nyumba hii hakuna mkono utakaotia kitu kwenye chakula chako, na mimi niko hai." Ukanitazama. Ukaniamini. Ukaketi ukala mpaka ukafuta bakuli, na wiki nzima hukunusa tena.

Miezi mitano baadaye mkono ulikuwa wangu.

Hili sijamwambia Nesi Sondes, halikuwa kwenye hesabu ya matone. Zina hajui. Ndilo lililokuwa ndani ya barua zote saba za kwenye debe, kila nikifika hapo kalamu inasimama. Umeniambia nisikupunguzie.

Siogopi tena kwamba utaugua. Yaani naogopa, nikisema siogopi mwalimu atanipa sifuri. Lakini kuna ninachokiogopa zaidi. Naogopa siku moja utashika kikombe, popote pale, kwa mtu yeyote, na moyo utakwambia kuna kitu humu. Mtu mwingine angesema, ah, hii ni dalili yangu, acha nimwone daktari. Wewe hutaweza kusema hivyo, kwa sababu safari moja ilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuvurugia. Nimefikiri sana jinsi ya kulirudisha hili mahali pake na sijui, labda Nesi anajua, mwulize.

Basi kwenye mstari huo andika: ananusa chakula. Halafu, kama pana nafasi, andika mbele yake kwamba huko nyuma iliwahi kuwa kweli, ili huyo daktari mpya ukimwambia asicheke kama nilivyocheka mimi. Akuulize kwanza nani amepika.

Mama yako,
Mbarka